Nimeangalia movie ya Uhuru pale Mlandege, ukumbi mzima ukamzomea baba yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo poleni na majukumu. Hii ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Natamani ingekuwa chai ya kutunga tu.

Mzee wangu alikuwa analima mpunga Rujewa, sisi na mama tunakaa Ipogolo. Mwaka wake wa mwisho wakaja watu wa movie kule mashambani, wanashuti habari za kupigania Uhuru, wanatafuta ma-extra. Mzee mrefu, sura ngumu, mbele ya wageni hacheki. Wakampa kaptula ya kaki na kiboko, awe askari wa mkoloni.

Alifurahi kama mtoto. Kwenye simu akawa anatutambia, "Ninyi subirini tu, mtaniona."

Akafariki movie haijatoka.

Nyumbani tuna picha yake moja, ya kitambulisho, nayo imefifia. Video hatuna kabisa. Kwa hiyo niliposikia movie inaonyeshwa Mlandege nikampeleka mama. Alivaa kitenge chake cha Pasaka.

Niwe mkweli, movie ni nzuri. Mavazi, magari ya zamani, bendera inapanda mpaka mwili ukanisisimka. Ila imenikera pia. Hotuba zote ziko Dar, sisi wa huku kazi yetu kuchapwa tu. Halafu wote wanaongea Kiswahili cha redioni, hata lafudhi moja ya Kihehe hakuna!

Sasa mzee akatokea. Kumbe ndiye anayemchapa bibi kizee shambani.

Mama akasema taratibu, "Kamwene, Baba Neema." Akamsalimia kabisa, kama kaingia mlangoni.

Hapohapo ukumbi ukalipuka. "Shenzi huyo!" "Msaliti!" Siwalaumu, na mimi nisingemjua ningezomea. Lakini niliumia wakuu, nikatamani umeme ukatike.

Baadaye kwenye movie wananchi wanamgeukia, wanamwangusha kwenye matope ya jaruba. Ukumbi ukapiga makofi. Watu wakamruka wakikimbilia sherehe, kamera ikafuata bendera. Yeye akabaki pale, kifudifudi.

Tulipofika nyumbani, mama hajavua hata viatu, akaniuliza, "Mwanangu, walivyomaliza kupiga picha, kuna mtu alimwinua baba yako?"

Nikamwambia walimwinua. Ukweli ni kwamba sikuwepo, sijui.

Nilichojifunza ni kimoja. Siku hizi hata adui wa kwenye movie simzomei, maana huwezi kujua kama mke wake amekaa siti ya mbele yako.

Mlioiona leteni maoni, mkisema nina hisia nyingi sawa. Ila kama humu kuna aliyekuwa extra kule Rujewa, naomba anijibu hili tu: yule askari mrefu kwenye matope, nani alimpa mkono?

Mama bado anauliza.