Picha ya Samaki Waliokufa

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo huwa natazama chini. Nilikuwa kijana, mtangazaji wa redio ndogo pale Mbinga mjini, na intaneti ndiyo kwanza imetufikia. Asubuhi hiyo nikaona picha mtandaoni: samaki waliokufa wametapakaa ufukweni, na chini imeandikwa kwamba Ziwa Nyasa lina sumu. Sikumpigia mtu simu. Niliisoma hewani haraka, wengine wasiniwahi.

Simu za wasikilizaji zikamiminika, nikajiona mkubwa. Kesho yake sokoni hakuna aliyegusa usipa, wale dagaa wa ziwa letu.

Siku ya tatu akaja redioni muuza usipa kutoka Liuli, Mama Tumaini, beseni limejaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyetangaza sumu?”

“Ndiye mimi.”

“Kule Liuli ulimuuliza nani?”

Nikamsogezea kiti, hakukaa.

“Wavuvi wapo. Mwenyekiti wa kijiji ana simu. Wanangu walikula usipa huu juzi, na leo wako shule.”

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Bosi wangu alitaka tukae kimya, watu watasahau. Sikuweza. Nilipanda lori na yule mama hadi Liuli. Wavuvi wakaitazama picha, wakatikisa vichwa: mitumbwi inayoonekana nyuma ya wale samaki haipo pwani yetu yote. Afisa uvuvi naye hakuwa ameona samaki hata mmoja aliyekufa. Tuliporudi Mbinga nikasema hewani, kwa jina langu, kwamba nimekosea. Kisha nikampa Mama Tumaini kipaza sauti aseme mwenyewe.

Uongo ulienea kwa nusu siku, ukweli ukachukua wiki mbili. Usipa wote uliokosa wanunuzi siku zile uliishia kuliwa na kuku, na hilo sikuweza kulirudisha. Lakini Jumamosi moja mkulima wa kahawa kutoka Kigonsera alinisimamisha njiani: “Nimekusikia ukikiri. Hao akina mama wa Liuli wanauzia wapi?” Nikampeleka sokoni mwenyewe, karibu nikimbie kwa furaha.

Wewe, mwanangu, una simu mkononi, huhitaji lori. Kabla hujasambaza habari, uliza nani ameona, wapi, lini, na nani atakosa wateja ikiwa si kweli. Na ukikosea, sema palepale uliposemea kosa. Watu wanasamehe kuliko tunavyodhani.

Mungu akupe ulimi wa kweli na moyo usioona haya kukiri, na majirani zako wafurahi kila wasikiapo sauti yako.