Fundo la Kamba ya Babu Lugendo

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu: siku niliyomwacha mzee wa watu juu ya mti, nyuki wakimuuma, kwa sababu ya kisu changu kipya.

Umeniomba kisu changu cha kukunja uende nacho Tura kwenye kazi yako ya reli. Nitakupa. Ila soma kwanza haya. Nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ulioishia darasa la pili, na bado wenye vyeti wa hapa Isevya huja mlangoni kwangu kuazima baiskeli. Nyumba ya bati unayolala humo haikujengwa na cheti. Ilijengwa na nta na asali, na kazi hiyo nilifundishwa na Babu Lugendo, mjomba wa bibi yako mzaa baba.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na minane hivi, nguvu tele, akili haba. Nilikuwa nimelima tumbaku ya watu msimu mzima, na malipo yangu ya kwanza niliyapeleka dukani kwa Mhindi, nikatoka na kisu hiki. Mpini wa pembe, na bapa likiingia mpinini linalia ta! Vijana wenzangu walikuwa na visu vya mhunzi, vya kuvaa na ala kiunoni. Changu kilikaa mfukoni kama saa ya bwana mkubwa. Nilimenyea miwa, nilikatia tumbaku, nilichongea vijiti vya meno hata kwa watu ambao hawakuniomba.

Kiangazi hicho Babu Lugendo alituchukua porini, mimi na binamu yangu Kulwa, kurina asali. Kambi yetu ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile aliyoipita yeye ujanani na mzigo begani mpaka pwani. Aliniahidi kwamba nikimaliza msimu vizuri atanipa miti yangu sita niiwekee mizinga. Miti sita, mwanangu! Kwa kijana asiye na ng'ombe, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuwa mtu.

Kazi yangu ilikuwa kamba. Ilikuwa kamba ndefu ya magome ya mti wa myombo, vipande kadhaa vilivyoungwa. Jioni tulifungia mizigo kwa kamba hiyo, asubuhi mimi naifungua. Sasa, gome likilala kwenye umande, fundo lake linakaza kama jiwe. Unatakiwa uchuchumae, ulibonyeze, ulisukume, ulibembeleze kwa vidole na meno. Mimi ningechuchumaa na kisu kama kile mfukoni? Nilikata. Ta! Mzigo wazi. Kila fundo nililokata liliondoka na kipande cha kamba, urefu wa mkono hapa, urefu wa mkono pale, nami navitupa motoni Babu asivione. Nilifanya hivyo siku nne.

Kulwa aliona. "Wewe, hiyo ni kamba ya mzee."

"Tulia, bwana. Wewe unafungua fundo moja, mimi nimeshakunywa uji."

Siku ya tano tukafika kwenye mti wenye mzinga mkubwa kuliko yote. Shina lilikuwa refu kuliko yote ya siku zilizopita, nene, tena laini, bila tawi la karibu. Babu alipanda mabegani mwetu, akaparamia taratibu mpaka juu, kamba ikiwa imeviringwa begani, mwenge unafuka moshi mkononi. Alirina kwa utulivu, kama mtu anayepakua ugali. Akajaza ndoo ya gome, akaifunga kamba, akaiteremsha.

Ndoo ikashuka, ikashuka, ikasimama hewani. Hata Kulwa angesimama kichwani kwangu asingeigusa.

"Mbona hampokei?" Babu akauliza.

"Haijafika, Babu."

Kisha akauliza polepole, "Imeisha, au imekatwa?"

Kulwa akajibu: "Muulize bwana kisu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kamba ile ndiyo ilikuwa ya kumshusha yeye pia. Mwenge ulikuwa unaelekea kuzimika, na nyuki walikuwa wameanza kuvuma upya. Kushuka kwa mikono mitupu kwenye shina laini vile asingeweza, na akiruka angevunjika miguu. Nilimwona akijipiga shavu, kisha shingo, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, fanyeni kitu, wajukuu. Hawa wenyeji wangu wamechoka na mgeni."

Nikakimbilia myombo mchanga, nikachana gome kwa kisu, vipande virefu virefu. Kulwa akasokota, mimi nachana. Kwa haraka nikajikata kidole. Kovu lake unalijua. Kamba ilipotosha nikatafuta kitu kizito cha kufunga nchani ili tuirushe. Nilichokuwa nacho ni kisu. Nikakikunja, nikakifunga kwa mafundo matatu, nikarusha. Mara ya kwanza kikaanguka, mara ya pili kikagonga shina. Mara ya tatu Babu akakidaka.

Akaunga kamba mpya na ya zamani, akateremsha asali, kisha akajiteremsha mwenyewe. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba. Nilipiga magoti, nikajua miti yangu sita imekwenda.

Hakunipiga. Alinirushia mapajani ile ncha ya kamba, kisu changu kikiwa ndani ya mafundo. "Chukua kisu chako."

"Kimefungwa, Babu."

"Naona. Kata basi."

Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Babu naye akasema, "Mpe pole, hana vidole." Kisha akaninong'oneza: "Safarini, aliyekata kamba ya mzigo alibeba mzigo wake mikononi mpaka pwani. Sisi tulifungua."

Gome bichi lilikuwa limekaza kwa uzito mzima wa Babu. Nilikaa nalo mpaka kucha zikatoka damu. Nilipokitoa kisu, Babu alikuwa ameninyooshea sega la asali. Miti alinipa msimu uliofuata, si ule.

Basi, mwanangu, kisu beba. Kinoe, kipake mafuta, umpe mtu kikiwa kimekunjwa, usikifungue mbele ya mwenye hasira. Lakini kitu kilichofungwa na mkono wa mtu, iwe mzigo, iwe ndoa yako, iwe ugomvi na mwenzako kazini, anza kwa vidole. Mimi nimepatana na watu walioapa kunifilisi, kwa sababu tu nilikubali kuchuchumaa asubuhi nzima juu ya fundo moja.

Kisu kimo ndani ya kifurushi hiki. Nimekifunga kwa gome la myombo, mafundo matatu, na nimelilowesha. Usiazime kisu cha mtu.

Mungu akutangulie njiani, akupe subira ya yule mzee juu ya mti, na akurudishe kwetu na vidole vyako vyote kumi.