Kijiji Kilichoanzia Kwenye Kamiyo

Mwamini alifika pale mwaka wa 1999, akiwa na miaka ishirini na minne. Pale hapakuwa na jina. Palikuwa na barabara ya udongo kutoka Kolwezi kwenda Sandoa, msitu pande zote mbili, na kamiyo, lori la mumewe Abedi, lililokatika ekseli. Kesho yake Abedi alidandia gari lililopita, aende mjini kutafuta ekseli nyingine.

"Chunga bitu," alimwambia. "Juma moja tu, nitarudia."

Mwamini alilala juu ya magunia ya chumvi. Juma likawa mwezi. Akaanza kuwauzia wapita njia wa baiskeli ile chumvi, kisha akawapikia bukari, ugali wa huko, na mboga. Mwaka wa pili Mado, mjane kutoka Sandoa, alijenga kando yake. Wakaja wachoma makala, ule mkaa wa kupikia, wakaja wakulima wa mihogo. Wakatoliki wakasimamisha kanisa la miti. Madereva walipaita Kwa Kamiyo.

Habari za Abedi zilikuja mara moja tu: alionekana Dilolo, ana mke na duka. Mwamini alimpa chakula aliyezileta. Juma lile lile aliwaruhusu mafundi wang'oe mbao za kamiyo, wakatengeneza madawati ya shule.

Mado alipofariki, Mwamini alisimama nyuma ya watu makaburini, kwa sababu nyimbo zao za kanisa hakuzijua. Baadaye vijana walihamia Kolwezi kuchimba kobalti, na nyumba zao zikaanguka moja moja.

Mwaka jana alikuja Kalumba, karani wa teritware, ofisi ya wilaya, kuandika historia ya kijiji. Wanaume walimwambia kwamba Mado ndiye mwanzilishi. Mwamini alisikiliza. Kalumba alipopita kwake kuomba maji, alimwuliza:

"Mama, na weye ulifikaka lini?"

"Mbele ya Mado kufika."

Kalumba akafungua tena daftari. "Basi nibadilishe?"

Mwamini alimwongezea maji.

"Acha vile, tata. Mado iko na batoto, batasoma ile karatasi. Mi siko na mutu."

Kalumba alisita, kisha akafunga daftari, akawasha pikipiki.

Sasa nyumba zenye watu ni tisa. Siku ya Ijumaa Mwamini hutandika mkeka, huswali peke yake, kisha huenda kupalilia mihogo.