Kibuyu Nilichokiosha

Kaka yangu alipunguzwa kazi kiwandani Mbeya miaka ile ya ruksa ya biashara huria, maduka ya mpakani Kasumulu yalipojaa sabuni na vitenge kutoka ng'ambo ya mto Songwe huku viwanda vyetu vikifungwa kimoja kimoja. Akarudi kwa mama, Ipinda, na begi moja. Wiki ya kwanza alijibu salamu. Ya pili akaacha. Mwezi wa tatu ulipofika, mama alikuwa hajasikia sauti ya mwanawe hata kwa kikohozi. Hospitali walisema mwili hauna kitu. Akina mama wa kanisani walikuja kumwombea, wakala ndizi zetu, wakaondoka, naye akabaki uani akitazama miti ya kokoa.

Mimi sina subira, na sifichi. Nilimwambia mbele ya mama kwamba kiwanda kilifunga milango yake, hakikumfunga mtu mdomo, na kwamba mtu mzima asiyesema ni mzigo. Neno lile lilinirudia siku nyingi. Nikatafuta namna ya kuomba radhi bila kuomba radhi: nikaanza kumfulia na kumsafishia chumba.

Darini nikakuta kibuyu chake cha ujanani. Alikuwa mchezaji wa mapenenga, ile ngoma ya wanaume wanaovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, na kupiga gwaride huku wakiimbia ndani ya vibuyu. Kilikuwa na vumbi la miaka. Nikakisugua kwa stilwaya mpaka kikang'aa, na utando wa buibui uliokuwa kwenye kitundu cha pembeni nikauchokonoa wote. Nilijiona nimefanya la maana.

Jumapili, baada ya ibada, wachezaji wenzake wa zamani wakaja. Hawakumpa pole wala kumuuliza atafanya nini na maisha. Walisema tu kwamba watu wa Ipyana wanakuja kushindana Jumamosi, na kundi lao halina mwenye sauti nzito. Wakampa kibuyu chake mkononi, wakaanza wimbo. Sehemu yake ilipofika walimsubiri, wakairudia, wakairudia tena. Mara ya nne akakiinua mdomoni.

Kibuyu hakikunguruma. Utando ndio unaoifanya sauti ya mtu ivume kama mzinga wa nyuki. Bila utando ilitoka sauti yake tupu, nyembamba, yenye mikwaruzo, ikipotea njia katikati ya wimbo. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakaa chini pale pale mlangoni, akalia.

Kaka alikitazama kitundu, kisha akanitazama mimi.

"Nani amekiosha hiki?"

Nikasema ni mimi. Nikasema na lile jingine, kwamba hakuwa mzigo, kwamba niliogopa tungemzika akiwa bado anapumua. Wenzake walicheka hadi kushikana mabega, maana kuosha kibuyu cha mapenenga ni kama kukata nyuzi za gitaa ili lipendeze.

Akanipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha ule utando mweupe wa buibui wa ukutani, jinsi ya kuubandua usichanike. Nilipoushika vizuri akasema, "Ndaga," yaani asante. Tulipomaliza kuubandika, akaniambia bila kuniangalia:

"Nikinyamaza tena, msinisubiri. Njooni mnichukue."

Tangu siku ile tumekwenda kumchukua mara tatu.