Kengele ya Mlango wa Tata

Ujumbe ulinikuta kibandani mwangu katika soko la Daraja Mbili, nikifungua bunda la mapazia ya mitumba. Kampuni iliyotengeneza vidude vya nyumbani kwetu ilisema kwamba programu tuliyoizoea kwenye simu ingezimwa mwisho wa mwezi. Kila mtumiaji alitakiwa kuhamia mpya. Hakukuwa na njia ya kubaki. Niliusoma ujumbe huo, nikarudi mwanzo nikausoma tena. Ndivyo ninavyosoma kila kitu, kwa sababu shule niliiachia darasa la nane, na mengi niliyo nayo kichwani niliyaingiza mwenyewe kwa kurudia.

Niseme kwanza vidude hivyo vilikuwa nini, maana majirani waliviita makubwa kuliko vilivyokuwa. Wengine walisema nimemfunga baba yangu kwa nyaya za stima.

Tata, yaani baba, anaishi Birongo, katika boma moja na sisi. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Mama alipofariki, tata alianza kusahau. Mwanzoni ilikuwa miwani na majina ya watu. Baadaye alianza kuondoka. Alijitwika kikapu cha majani chai mgongoni, akatoka langoni na kushika njia ya kituo cha kuuzia chai. Kituo hicho kilihamishwa zamani, kikapelekwa juu kando ya barabara, na kila mkulima akahamia huko, yeye akiwa mmojawapo. Lakini ugonjwa ulimfutia kituo kipya ukamwachia kile cha kale, ambacho kilikuwa ng'ambo ya mto. Daraja la magogo lililokuwa likienda huko lilisombwa na maji, wala halikujengwa tena. Njia inashuka vizuri, halafu inaishia majini.

Mimi nilikuwa sokoni mchana wote. Aliyebaki nyumbani ni mke wangu, na hapa asiyetoka kwetu anahitaji maelezo. Kati ya mkamwana na baba mkwe kuna ensoni, heshima iliyo karibu na woga. Mkamwana hamgusi mkwe, hamtazami kwa muda mrefu, haingii anakolala. Mwana naye, akishatahiriwa, haingii chumba cha kulala cha baba yake. Hakuna anayekufundisha hili kwa maneno. Unakua ukijua kwamba pazia lile si lako. Wajukuu peke yao ndio walio huru. Mjukuu humtania babu, humpora chakula, hujitupa kitandani mwake akiwa na matope miguuni.

Basi mke wangu angemchungaje mzee ambaye haruhusiwi kumtazama? Nilifikiria kamera, nikaikataa siku hiyo hiyo. Nilinunua vidude viwili vidogo, kimoja cha mlango wa tata na kimoja cha lango, pamoja na mtambo mmoja wa kuviunganisha na simu. Mlango ukifunguka, kengele inalia kwenye simu ya mke wangu na kwenye yangu. Anapoisikia, anatoka, anasimama mbali kidogo na njia, macho chini, na kusema, "Tata, chai haijachumwa leo." Mzee anafikiri kidogo, kisha anageuka.

Tata aliifurahia kengele hiyo kwa namna yake. Alikuwa akimuuliza mke wangu kutoka ng'ambo ya ua, "Mbwa wako amebweka tena?"

"Amebweka, tata."

"Mpe chakula. Ana kelele kwa sababu ya njaa."

Katika miaka yote ya ndoa yangu, hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kusikia kati yao.

Mtambo ule uliwekwa na binti yetu mkubwa kabla hajaenda kufanya kazi ng'ambo. Aliuweka chumbani mwa babu yake, nyuma ya kitanda, kwa kuwa huko ndiko kuna soketi iliyounganishwa na betri yetu ya sola, na mwizi hafiki. Nililiona ni wazo zuri. Hakuna kati yetu aliyesema kwamba tumeuweka mahali ambapo mimi na mama yake, tuliobaki na simu, hatuwezi kukanyaga.

Uhamisho niliufanya kibandani, wateja walipopungua. Nilifuata maelekezo hatua kwa hatua bila kuruka neno. Akaunti ilihama na majina ya vidude yakahama. Programu ya zamani iliniaga, ikajifunga. Halafu mpya ikaleta hatua ya mwisho: nibonyeze kitufe kilicho nyuma ya mtambo mpaka taa igeuke ya buluu, simu ikiwa katika chumba hicho hicho. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma tangu mwanzo. Nilikuwa nimeyaelewa kama maneno tu. Chumba sikukifikiria.

Nilijaribu kurudi kwenye ile ya zamani ikakataa. Ile mpya iliandika kwamba nyumba yangu haina kifaa chochote.

Nilimpigia mke wangu. Alisema simu yake imekuwa kimya tangu asubuhi, kwa hiyo anajua tata amelala. Nikamwambia atazame mlango. Nilimsikia akitembea, kisha nikasikia pumzi yake tu.

"Uko wazi," alisema. "Na kikapu hakipo."

Niliacha mapazia yakiwa yametandazwa, nikachukua pikipiki. Nilipofika Birongo sikukuta mtu bomani. Nilishuka ile njia ya mto nikikimbia, na katikati nikakutana nao wakipanda. Tata alikuwa amelowa hadi kiunoni. Kikapu kilikuwa kimekwenda na maji. Mke wangu alikuwa amemshika mkono, vidole vyake vimefumbata kiganja cha mzee, na wote wawili walikuwa wakitazama pembeni, kila mmoja upande wake. Aliponiona alimwachilia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alipita akaingia jikoni, na nilimsikia akisonga ugali ambao hakuna aliyekuwa ameuomba.

Jioni hiyo nilisimama sebuleni kwa tata, mbele ya pazia la chumba chake. Ni pazia la kahawia lenye maua, nililitoa kwenye biashara yangu mwenyewe, na upande wake wa nje naujua hadi mshono. Nilimwomba aingie aniletee kile kidude chenye taa kilicho nyuma ya kitanda. Alikubali kwa moyo mweupe. Aliingia akatoka na Biblia. Nikashukuru, nikaeleza upya. Akatoka na redio. Mara ya tatu alitoka na kiatu kimoja cha mama, akanikabidhi, akaniambia fundi wa viatu yuko karibu na posta.

Nilimpigia binti yetu.

"Ingia tu, baba," alisema. "Ni chumba."

"Si chumba tu, mama."

"Mchungaji mwenyewe alisema hayo ni mambo ya kale."

"Mchungaji aliingia cha baba yake?"

Hilo aliliacha, akauliza kama mdogo wake, aliye shule ya bweni, anaweza kuombewa ruhusa aje aingie yeye. Nilikuwa nimekwisha uliza. Walikuwa katikati ya mitihani, na mwalimu alitaka kujua ni msiba gani. Nilishindwa kuupa jina. Watoto wa majirani tata aliwafukuza kwa fimbo, akiwaita wezi wa kuku. Niliiandikia kampuni nikieleza kila kitu kwa utaratibu, ikajibu mashine, ikinishauri nikaribie mtambo.

Siku zilizofuata sitaki kuzirefusha. Nilifunga lango kwa mnyororo. Tata aliutikisa akilia, akisema majani yananyauka kikapuni na gari la chai halimsubiri mtu. Alipochoka alikaa chini pale pale langoni, na hatukuweza kumwinua, mimi kwa uzito wake, mke wangu kwa sababu alishamshika mara moja na hakuwa na nguvu ya kurudia jambo hilo. Kibanda sikukifungua. Tulipokezana kutazama mlango, na mimi ninayependa mambo yapangwe niligundua kwamba hakuna mpango wa kutazama mlango. Unautazama tu. Ukipiga chafya umeuacha. Mke wangu alianza kushtuka kwa kila sauti na kuiinua simu niliyoiwekea programu mpya, ambayo bado ilikuwa bubu. Siku moja aliniambia, akiwa amenipa mgongo, "Kama angefia majini nisimguse, ningeweza kuishi? Na nimemgusa, mbona siwezi?"

Niliitazama simu yangu, iliyosema nyumba yangu haina kitu.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa tata nikiwa na bisibisi mkononi, nikitengeneza bawaba ya dirisha ili mikono isikae bure. Tata alitoka chumbani, akasimama, akanitazama kwa makini. Niliyajua macho hayo, ni ya mtu anayemkaribisha mgeni.

"Ndiwe fundi?"

Ningeweza kusema, tata, ni mimi mwanao. Nilikuwa nikisema hivyo kila siku, na siku nyingine alikubali. Niliitazama bisibisi.

"Ndiyo, mzee."

"Kuna kitu kinapepesa macho huku ndani. Kinaninyima usingizi." Akalishika pazia la kahawia na kulisogeza. "Ingia, fundi. Mtu wa kazi hazuiwi."

Nilivua viatu. Sijui kwa nini. Niliingia.

Ni chumba kidogo kuliko nilivyokifikiria maisha yangu yote. Kitanda kimewekwa juu ya matofali. Upande wa ukutani, alipokuwa akilala mama, blanketi limetandikwa bila kukunjamana, na yeye analala kwenye ukingo tu. Kuna harufu ya dawa ya kuchua. Nilipiga magoti nyuma ya kitanda, simu ikiwa mfukoni, nikashika kitufe na kukishikilia.

Tata alikuwa amesimama juu yangu akinitazama nikifanya kazi.

"Fundi, baba yako yu hai?"

"Yu hai, mzee."

"Umemwacha na nani?"

Taa iligeuka ya buluu. "Nimemwacha na mke wangu," nilisema.

"Basi ni vizuri. Mwambie asimwache peke yake. Wazee hupotea."

Alinisindikiza hadi sebuleni, akanishukuru, akaomba radhi kwamba mama hayupo, angekuwepo angenipikia chai. Kisha akarudi ndani na kuliachia pazia likaanguka. Nilifungua mlango wa nje ili niende kwangu.

Ng'ambo ya ua kengele ililia. Mke wangu alitoka mbio mvuani bila leso kichwani, akasimama pembeni mwa njia, macho chini.

"Tata, chai haijachumwa leo," alisema.

Aliinua macho akaniona mimi, viatu mkononi, mlango wa tata wazi nyuma yangu, simu yake ikiendelea kulia. Alielewa nilikotoka. Aliizima kengele, akarudi nyuma hatua moja kwenye nyasi, akanipisha njia kama anavyompisha baba yangu.