Zamu ya Maduhu

Kabla sijavaa magwanda nililala popote. Siku ya mwisho nyumbani Mwamapalala tulikuwa tunashindilia pamba kwenye magunia, mimi na rafiki yangu Maduhu. Nikasinzia humo humo ndani ya gunia. Maduhu akaita watu waje waone. "Huyu msimpime na pamba safi," akasema, "mwekeni kwenye fifi, na ile chafu." Kesho yake tukaenda jeshini pamoja.

Msumbiji tuliwekwa wawili kulinda daraja. Sajini Tobias ndiye aliyetakiwa kuleta wa kutupokea baada ya siku moja. Namtaja kwa sababu wengine hawamtaji. Siku tatu hakuja. Alikuwa kijijini anakunywa, na Luteni Fredi alijua, akanyamaza.

Asubuhi ya nne nilimwambia Maduhu, "Lala kidogo, nitakuamsha."

Nikalala na mimi.

Risasi ndizo zilizoniamsha. Nilijitupa mtoni. Maduhu hakuamka.

Nilirudi enzi ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yameota kila kona ya Bariadi. Vidonge vya usingizi nilivitafuna kama karanga. Siku moja nilishtuka mikono yangu iko shingoni kwa mke wangu, Kabula. Kulipokucha alifunga nguo za mtoto, akasema, "Twende hospitali. Ukikataa, mimi naenda kwa baba, Bukundi, na sirudi."

Tabibu alikuwa Mama Salome. Aliniuliza naenda kitandani saa ngapi, nakunywa nini, nakoroma au vipi. Kwa kuwa kuandika kunanishinda, alimpa Kabula kopo. Kila nikishtuka, atumbukize mbegu moja ya pamba. Baada ya wiki akazimwaga mezani, akazitazama.

"Na saa moja jioni umeshalala?"

"Nawahi usingizi, mama."

"Baba, hata kuku wanakushangaa."

Akanikataza kupanda kitandani kabla macho hayajawa mazito. Pombe akaikataza, vidonge akavipunguza kidogo kidogo, na panga nililokuwa nalala nalo chini ya mto, Kabula akalipeleka jikoni.

Mbegu zikapungua, lakini ndoto ya daraja ikabaki. Mama Salome akasema niisimulie kila siku mchana, macho wazi, na niipe mwisho mwingine.

"Mwisho gani?"

"Wowote. Huyo sajini aje."

"Tobias hakuja. Simpi sifa hiyo hata kwenye ndoto."

Kabula alikuwa ananyonyesha pembeni. Akauliza polepole, "Wewe ulimwahidi nini Maduhu?"

Basi kila siku, baada ya kukamua, nilikaa na Kabula kwenye uzio wa ng'ombe nikasimulia. Jua linachomoza. Namgusa Maduhu begani. Anapangusa macho, anashika bunduki. "Lala sasa, ngosha," ananiambia. "Zamu yangu."

Kabula hakwenda Bukundi. Kopo lile sasa anawekea chumvi. Namshukuru yeye, namshukuru Mama Salome, na siwezi kumaliza. Tobias alistaafu kwa heshima zote. Sijasikia kwamba amewahi kukosa usingizi.

Nilipopata nguvu nilikwenda Mwamapalala, kwa mama yake Maduhu. Nikamweleza yote: mwanawe alikuwa amelala, na wa kumwamsha nilikuwa mimi. Alilia bila sauti. Kisha akainuka, akanitandikia mkeka kivulini, akasema nimetoka mbali, nipumzike.

Nililala pale mpaka jua likageuka. Nilipoamka alikuwa bado amekaa karibu, ananifukuzia nzi.