Waridi Kwenye Shati la Fundi Viatu

Kiwandani walimwita Mapua, na jina hilo hakulichukia hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye masufuria makubwa ya sabuni na kuchunga mafuta kwa pua. Mashine zinanguruma, watu wanapiga soga, yeye anageuka tu: "Punguzeni moto, lile la pembeni linaanza kushika chini." Na kweli, linashika. Lakini ungemuuliza manukato ya waridi wanayomimina mwishoni yananukiaje, angekukodolea macho. Aliacha kuyasikia zamani. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo, jamani: mtu akishika shughuli, ubongo wake unakaa mlangoni kama bawabu, unaingiza harufu yenye kazi, na ile iliyozoeleka unaifungia nje. Mapua alikuwa akiingiziwa harufu ya kuungua, basi.

Sasa mtambo wa kuchemshia ukapasuka, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani mpaka vipuri vije. Mapua akakaa. Pua isiyo na kazi nayo hujitafutia kibarua.

Jioni moja mumewe, fundi viatu, alirudi akampita Mapua jikoni akikaanga vitunguu. Mapua hakusikia kitu, maana akili yake yote ilikuwa kwenye kikaango. Alipoepua ndipo alipoliokota shati la mumewe kitini ili alifue. Gundi. Ngozi. Jasho analolijua. Na chini ya hayo yote, waridi.

Damu ikamchemka. Miaka yote ya ndoa hajawahi kulisikia shati la mumewe likinukia ua! Akalipeleka kwa wifi yake, dada wa fundi, aliyekuwa akiishi nao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mapua akasema. "Kaka yako ana mtu."

Wifi akalinusa kidogo tu, akalirudisha. "Mbona linanukia kama siku zote? Wifi, wivu utakumaliza."

Siku zote! Kumbe familia nzima inajua. Usingizi ukamruka, na kabla hakujakucha alikuwa ameshampata mwizi wake: msusi, yule mwenye kibanda kinachopakana na cha fundi, mwanamke wa kucheka hata pasipo na mzaha. Asubuhi Mapua akajipeleka kusukwa.

"Hizi si bado mpya, shoga?" msusi akashangaa.

"Zinaniwasha. Fumua."

Akakaa chini, pua juu, akimvizia kila alipoinua mkono. Alisikia mafuta ya nywele na nywele zilizoungua, hakuna waridi. Mtu wa haki angeinuka akaomba radhi kimoyomoyo. Mapua yeye akawaza, kajiosha huyu, mjanja. Wivu haukosi jibu.

Ndipo alipochungulia kwenye upenyo wa mbao. Fundi alikuwa peke yake, kiatu gotini, sindano imesimama. Akavuta ukosi wa shati mpaka puani, akafumba macho, akatabasamu. Tabasamu lile Mapua hakuwa ameliona tangu uchumba. Lilimchoma kuliko kama angewafumania. Akaondoka kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Fundi alipoingia nyumbani jioni alimkuta mlangoni.

"Baba watoto, ni nani huyo?"

"Nani?"

"Anayenukia waridi. Mtaje, ama leo hii narudi kwetu."

Fundi akatazama zile nywele, akatazama chini. Hakukana. 

"Njoo," akasema, akampeleka stoo, akafunga mlango ili upande wa nyuma uonekane. Kwenye msumari ilining'inia aproni ya Mapua ya kiwandani, haijafuliwa tangu mtambo upasuke. Chini yake, kwenye msumari uleule, lilitundikwa shati la fundi la kesho.

"Nusa."

Mapua akanusa. Waridi.

"Ulipokuwa ukienda kazini nami nilikuwa siisikii harufu hii," fundi akasema kwa aibu. "Nyumba yako huinusi. Ulipokaa nyumbani ikapungua, nikaona kuna kitu sina. Nikawa natundika shati hapa."

"Nyani haoni kundule," wifi akasema kutoka ukumbini.

Mapua hakucheka. Moyo ulikuwa umetua, lakini wivu haukuondoka, ulihama tu. Akaitazama ile aproni kama anavyotazamwa mke mwenza.

"Huyu ndiye uliyemkosa," akasema. "Na mimi je? Muda wote huu nilikuwa hapa hapa, nakukaangia vitunguu."

 Fundi akasogea, akainamisha pua shingoni mwake, chini ya ule upande usiosukwa, akavuta pumzi polepole.

"Vitunguu," akasema.

Mapua akamwambia anuse tena.